Wandugu wa Handaki: Urafiki wa Jeshini Kando ya Barabara ya Thika

Mjini Thika ipo shule ambayo wanafunzi wake husoma kwa ncha za vidole. Shule ya Wasioona ya Thika inajulikana kote nchini, na waliopitia madarasa yake wamekuwa walimu, wanasheria na watumishi wa umma. Jambo wasilolijua wengi, hata wakazi wa Makongeni na Section 9 wanaopita karibu nayo kila siku, ni kwamba watu wa kwanza waliofikiriwa wakati mbegu yake inapandwa hawakuwa watoto. Walikuwa askari.

Mnamo 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, Jeshi la Wokovu lilianzisha kituo cha kuwasaidia wanaume waliopofuka vitani wajifunze kuishi upya. Kituo hicho ndicho kilichozaa shule ya Thika mwaka 1946, na hapo ndipo elimu ya wasioona nchini Kenya inapohesabia mwanzo wake.

Anayetaka kujua urafiki wa jeshini hufanya kazi gani vita vikiisha na aanzie hapo. Mtu aliyeacha macho yake vitani alirudi kwenye kijiji ambako hakuna aliyejua Burma iko upande gani wa dunia. Mkewe angempenda, mamake angemlilia, lakini hakuna kati yao ambaye angeelewa kwa nini alishtuka mlango ulipobamizwa. Ni mtu aliyekuwako tu ambaye hakuhitaji maelezo. Watu wa namna hiyo, wanaoelewana bila kuelezana, wametapakaa kandokando ya barabara ya kutoka Nairobi hadi Thika kuliko inavyodhaniwa.

Abiria wa matatu anayeelekea Thika hupita kambi baada ya kambi. Ruaraka kuna makao makuu ya GSU na ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Mbele kidogo ni kambi ya jeshi ya Kahawa, na ukikata kushoto utafika Kamiti, gereza ambalo jina lake halihitaji maelezo. Ruiru kuna chuo cha kuwafunza askari magereza. Thika yenyewe ni nyumbani kwa kambi ya wahandisi wa jeshi la nchi kavu. Hata Chuo Kikuu cha Kenyatta kilianzia kwenye mabanda ya wanajeshi: Waingereza walijenga hapo kambi waliyoiita Templer Barracks, na walipoondoka baada ya uhuru waliikabidhi serikali mwaka 1965, ikageuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta. Vijana wanaosomea ualimu Kahawa leo wanatembea mahali palipokuwa uwanja wa gwaride.

Haishangazi basi kwamba wengi waliovua kombati wamejenga papa hapa, kuanzia Kahawa Wendani na Kimbo hadi Juja, Landless na Ngoingwa. Walipajua mahali hapa wakiwa kazini, wakanunua ploti wakati bei ilikuwa bado ya kibinadamu, na aliyetangulia akamwita mwenzake.

Hadithi yenyewe ni ya zamani kuliko ploti hizo. Vita vya 1939 hadi 1945 viliwachukua Wakenya wapatao 98,000. Wengine walipigana Somalia na Ethiopia dhidi ya Waitaliano, wengine wakapelekwa Mashariki ya Kati, na maelfu wakavushwa bahari hadi Bara Hindi na Burma kupigana na Wajapani katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Si wote waliofika. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa, ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama katika muda wa dakika chache tu ikiwa na watu zaidi ya 1,500, na karibu 1,300 kati yao walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Ilikuwa mojawapo ya hasara kubwa kabisa za baharini kwa upande wa Uingereza na washirika wake katika vita hivyo, na bado ni nadra kukuta mtoto wa shule wa Thika aliyewahi kuisikia.

Jeshi la King's African Rifles, KAR kwa wengi, lilikuwa na tabia zake. Waingereza waliamini kwamba baadhi ya makabila ni ya kivita na mengine si ya kivita, hivyo Wakamba na Wakalenjin waliandikishwa kwa wingi huku Wakikuyu wakitazamwa kwa shaka. Vita vilipozidi uzito, ubaguzi huo ulilegea kwa sababu watu walihitajika. Matokeo yake kijana wa Murang'a akajikuta katika hema moja na wa Yatta, wa Kericho na wa Songea, na lugha ya pekee iliyowaunganisha ikawa Kiswahili cha kambini, kisicho na sarufi ya kupendeza lakini kilichotosha kuombana maji na kuonyana hatari. Kwa wengi wao, huyo wa hema moja ndiye mtu wa kwanza wa kabila jingine waliyewahi kumwita rafiki.

Waruhiu Itote, ambaye baadaye Kenya ilimjua kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa mmoja wao. Katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1967 anaeleza jinsi mstari wa mbele Burma ulivyofuta majivuno ya rangi: risasi hazikuchagua, chai ilikuwa moja, utani ulikuwa mmoja. Anamtaja pia askari mweusi wa Marekani aliyeitwa Stephenson, ambaye walikutana upande wa India na kuzungumza naye juu ya watumwa wa Haiti waliojikomboa wenyewe. Urafiki huo ulikuwa wa muda mfupi mno. Hata hivyo ni vigumu kusoma kumbukumbu hizo bila kuona kwamba mazungumzo ya saa chache na askari mgeni yalimfunza Itote siasa kuliko miaka yake yote ya shule.

Kisha wakarudi nyumbani, na hapo ndipo urafiki ulipopimwa. Wengi walichanga malipo yao madogo ya kuagia jeshi wakanunua lori au wakafungua duka la ushirika. Biashara nyingi kati ya hizo zilikufa, nyingine kwa kukosa uzoefu, nyingine kwa sababu leseni za uchukuzi na biashara hazikutolewa kwa Mwafrika kwa urahisi. Malipo yenyewe yalikuwa ya dhuluma. Hati zilizofichuliwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa fedha za kuagia jeshi zilipangwa kwa rangi ya ngozi, mzungu akilipwa hata mara tatu ya Mwafrika wa cheo sawa. Watu waliokunywa maji ya kopo moja walilipwa kwa mizani miwili.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 dhidi ya Mau Mau, ukanda huu wa mashamba ya kahawa na mkonge uligeuka uwanja wa vita. Miongoni mwa waliowahi kulala hema moja Burma, wapo walioingia msituni na wapo waliokuwa askari wa serikali. Nishani ya KAR ikawa mzigo. Novemba 2023, Mfalme Charles wa Uingereza alipozuru Kenya na kukutana na wazee wachache wa vita vile katika makaburi ya vita jijini Nairobi, alikabidhi nishani mpya badala ya zile zilizotupwa enzi za Mau Mau, wenyewe wakihofia kuandamwa. Ukishatupa nishani, huwezi kumtafuta waziwazi mtu aliyevaa kama yako. Ni rafiki wangapi wa kweli waliopotezana hivyo kati ya Kandara, Gatundu na Kangundo, hakuna daftari linaloweza kusema.

Na si kila aliyevaa sare alikuwa rafiki wa mwenzake. Gereza la Lokitaung, kule Turkana, ni ushahidi mzuri. Miongoni mwa wafungwa wa kisiasa waliokaa humo miaka ya 1950 walikuwemo watatu waliowahi kuwa askari wakati wa vita: Itote, Bildad Kaggia na Paul Ngei. Kaggia alikuwa mtu wa upande huu wa nchi, mbunge wa Kandara baada ya uhuru. Alikuwa ametumikia jeshi Mashariki ya Kati na Uingereza, akarudi mwaka 1946 akiwa amekwisha kuacha kumwogopa mzungu. Ngei alikuwa wa Kangundo, ng'ambo ya Ol Donyo Sabuk. Kwa hesabu ya kawaida watatu hao wangekuwa chanda na pete. Haikuwa hivyo. Kaggia na Ngei walikuwa upande uliokosana vikali na Jomo Kenyatta humo gerezani, Itote akawa upande wa Mzee. Inasimuliwa kwamba mfungwa kijana, Kariuki Chotara, alipomvamia Kenyatta kwa kisu, Itote ndiye aliyeingilia kati.

Baada ya uhuru kila mmoja alivuna alichopanda. Itote akawa mmoja wa viongozi wa NYS, ambayo ilianzishwa mwaka 1964. Ngei akawa waziri, akarudiana na Kenyatta kiasi kwamba katiba ya nchi ilirekebishwa mwaka 1975 ili aweze kusamehewa kosa la uchaguzi na kurejea ulingoni. Kaggia alipigania ardhi ya wasio na ardhi, akatoka chama tawala cha KANU akaingia cha upinzani, KPU, mwaka 1966, na akamalizia miaka yake akiendesha kinu cha kusaga unga huko Murang'a. Alifariki Machi 2005. Jeshi liliwapa watu hao watatu ujasiri na lugha ya pamoja. Urafiki wa kudumu ulihitaji kitu kingine zaidi.

Historia haikuwakumbuka wote kwa usawa, na hilo lilianza tangu vita vya kwanza. Ukitoka Thika kuelekea Ol Donyo Sabuk utakuta, njiani kupanda mlima, kaburi la Sir William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyemiliki shamba la Juja na ardhi iliyozunguka mlima huo. Alikuwa mtu mnene ajabu, na ndiyo maana, wenyeji husema, waliombeba walishindwa kumfikisha kileleni alikotaka kuzikwa. Amelazwa hapo pamoja na mkewe Lucie na mtumishi wao, Louise Decker.

McMillan alikuwa na rafiki, Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza. Mwaka 1909 Selous alifika Kenya kwa meli moja na Theodore Roosevelt, akajiunga na McMillan kuwinda. Vita vya 1914 vilipozuka wote wawili, ambao kwa umri na umbo hakuna daktari ambaye angewapitisha leo, waliingia Batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, kikosi cha watu wa kila aina kilichotua Mombasa Mei 1915. Selous alikuwa na miaka 65 alipopigwa risasi na mdunguzi huko Beho Beho, Tanganyika, tarehe 4 Januari 1917. Alizikwa chini ya mkwaju, na hifadhi kubwa ya wanyama ikapewa jina lake. McMillan alipewa cheo cha Sir mwaka uliofuata, na maktaba iliyojengwa kumkumbuka ingali katikati ya Nairobi.

Kwa wapagazi waliobeba risasi na unga wa vikosi kama hicho, hakuna maktaba. Makumi ya maelfu yao walikufa, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Walichoacha ni majina ya mitaa yaliyotokana na jina la kikosi chao, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kikosi kimoja kinafaa kukumbukwa hapa Kiambu: mwaka 1917 Dkt. John Arthur wa misheni ya Thogoto aliwaongoza vijana wa misheni za Kikuyu wapatao elfu mbili kasoro kwenda kuwa wapagazi. Walienda pamoja, wakifahamiana kwa majina na kwa nyimbo, na wakarudi pamoja. Kwa mpagazi, kufahamiana kulikuwa dawa. Aliyeanguka njiani bila mtu wa kumtambua aliachwa. Aliyekuwa na mwenzake aliinuliwa.

Jeshi la Kenya huru lilirithi mengi ya KAR, likiwemo hili la kuwachanganya watu. Leo vijana wa Ruiru na Thika hujitokeza uwanjani siku ya kuandikisha wakiwa na vyeti mkononi, na wachache wenye bahati hupelekwa shule ya makuruta Eldoret. Huko kitanda cha wa Gatundu hukaa karibu na cha wa Lodwar au Mandera. Saa za usiku wa manane mlango hupigwa teke, na chumba kizima hutoka nje kwa kosa la mtu mmoja ambaye godoro lake halikunyooka. Wiki ya kwanza kila mtu humchukia huyo wa godoro. Kufikia mwezi wa pili, watatu huamka kabla ya filimbi kumsaidia kutandika. Hakuna mwalimu aliyewaambia. Lakini mfumo wote umejengwa ili jambo hilo litokee, kwa sababu jeshi linajua kwamba siku ya siku askari hatapigania bendera peke yake. Atampigania aliye kulia kwake.

Zoezi la handaki ndilo la kufunga kazi. Wawili huchimba shimo moja, hulala kwa zamu, mmoja akikesha mwenzake akikoroma. Usiku wa mvua Uasin Gishu, maji yakiwa yamefika kwenye buti, wawili hao husimuliana mambo ambayo hawajamsimulia hata kasisi: deni la baba, msichana aliyemkataa, kaka aliyefungwa. Miaka 30 baadaye mmoja akipiga simu kutoka Kakamega na kusema tu jina la utani la enzi za kuruta, mwenziwe wa Juja huacha alichokuwa akifanya.

Urafiki huo una upande wake wa giza, na gazeti halipaswi kuupaka rangi. Idi Amin aliingia KAR mwaka 1946 na kutumwa Kenya kupambana na Mau Mau. Miongoni mwa makamanda wake Waingereza walikuwa Chandos Blair na Iain Grahame. Mwaka 1975, Amin akiwa rais wa Uganda na akiwa amemhukumu kifo Mwingereza Denis Hills kwa maandishi ya kumtukana, London iliwatuma hao wawili Kampala kwa kuwa walikuwa maafande wake wa zamani. Udugu wa jeshini uliwafungulia mlango ambao mabalozi walifungiwa. Haukutosha, ikabidi waziri wa mashauri ya kigeni, James Callaghan, aende mwenyewe Julai ile ndipo Hills akaachiliwa. Mtu anaweza kuwakumbuka wenzake wa gwaride kwa upendo wa kweli na bado awaue raia zake kwa maelfu.

Nchini mwetu jeraha kubwa ni la Agosti 1, 1982. Baada ya jaribio la mapinduzi kuzimwa, Jeshi lote la Wanahewa lilivunjwa, likaundwa jingine, na wanahewa zaidi ya elfu mbili wakakamatwa, wengi bila kujali kama walishiriki au walikuwa wamelala. Walijazwa Kamiti na Naivasha. Viongozi kama Hezekiah Ochuka walinyongwa Kamiti mwaka 1987. Walioachiliwa walitoka bila kazi, bila pensheni, na wakiwa na doa ambalo hakuna mwajiri aliyetaka kuligusa. Majirani waliwaogopa, na jamaa wengine wakawakana. Kilichobaki ni wao kwa wao.

Hapo ndipo linapoonekana jambo ambalo Itote na Kaggia hawakulipata. Wanahewa hao walikuwa na kazi ya kufanya pamoja. Waliendelea kutafutana, wakakusanya majina na tarehe, nani alikuwa seli ipi na alitoka lini. Wengine walifika mahakamani kwa vikundi, miongo mitatu baadaye, wakidai fidia ya mateso na kuzuiliwa kinyume cha sheria, na baadhi yao walishinda. Kesi ya namna hiyo haishindwi na wakili peke yake. Inahitaji mtu wa kuapa kwamba alikuwako na alimwona mwenzake akipigwa. Urafiki wao ndio uliokuwa faili lao.

Kizazi kilichofuata kilitumwa mbali. Wakenya walivaa kofia za buluu za Umoja wa Mataifa Namibia mwaka 1989, wakaenda iliyokuwa Yugoslavia, kisha Sierra Leone, ambako Mei 2000 waasi wa RUF walishambulia vituo vyao Makeni na Magburaka na kuua baadhi yao. Jenerali Daniel Opande, aliyeongoza vikosi vya Umoja wa Mataifa Sierra Leone, ni jina linalotajwa kwa heshima popote wazee wa kofia ya buluu wanapokutana. Kwa wengi misheni hizo ndizo zilizojenga nyumba ya mawe, na ushauri wa kununua wapi ulitoka kwa wenzao. Shamba la ekari mbili karibu na Ruiru lilionekana na mmoja, likanunuliwa na watano, likagawanywa kwa kamba na vigingi Jumamosi moja. Mipaka hiyo haikosi ugomvi. Lakini ugomvi wa waliokaa handaki moja mara nyingi huishia chini ya mwembe, haufiki kortini.

Kisha ikaja Somalia. Oktoba 2011 majeshi yetu yalivuka mpaka katika Operesheni Linda Nchi. Mwaka uliofuata yaliingia Kismayu. Januari 15, 2016, kambi ya El Adde ilishambuliwa na al-Shabaab, na mpaka leo serikali haijatangaza hadharani idadi kamili ya waliouawa. Siku zile wake wa askari hawakungoja tangazo. Walipigiana simu nyumba kwa nyumba, kwa kuwa wao nao wana udugu wao, uliokua kwenye mabomba ya maji ya kambini na kwenye foleni ya kantini ya jeshi, walikolea watoto wa wenzao waume wakiwa misheni. Katika habari za urafiki wa jeshini wanawake hao husahaulika, na ni kosa. Aliyekaa na mjane usiku wa kwanza alikuwa jirani wa kambini. Shangazi kutoka mashambani alifika siku ya tatu.

Wanawake wenye sare nao wana yao. Kikosi cha Wanawake cha jeshi kiliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990 askari wake wakaingizwa katika vikosi vya kawaida. Fatuma Ahmed, aliyejiunga mwaka 1983, alikuwa Meja Jenerali wa kwanza mwanamke mwaka 2018, na Mei 2024 akakabidhiwa Jeshi la Wanahewa. Walioanza naye walipangwa mbali na wanaume, wachache kiasi cha kujuana wote kwa majina.

Ni matangani ambako urafiki huu huonekana kwa macho. Mstaafu akifariki Gatong'ora au Kiganjo, kikundi chao cha WhatsApp hujaa kabla familia haijamaliza kuwapigia jamaa. Mchango huanza kupitia M-Pesa, na mweka hazina, mara nyingi aliyekuwa karani wa kikosi, huweka orodha ambayo hata mkaguzi wa serikali angeiheshimu. Siku ya maziko wazee hufika mapema wakiwa wamevaa bleza ya buluu iliyokoza na bereti iliyopigwa brashi, nishani kifuani kwa mpangilio. Goti linauma, mgongo umeinama, lakini mmoja akitamka amri kwa sauti ya chini, wote hunyooka. Hulibeba jeneza kwa mwendo wa pole, hatua ya kushoto kwanza. Wajukuu wanaorekodi kwa simu hawajawahi kumwona babu akitembea hivyo.

Baada ya hapo hufuata kazi isiyorekodiwa. Pensheni ya mjane ina fomu, na fomu ina viambatisho: namba ya jeshi, cheti cha kutumikia, cheti cha ndoa ambacho hakikuwahi kuchukuliwa. Marehemu alikuwa Mkamba aliyehamia Thika, mkewe hasomi Kiingereza, na mtoto mkubwa yuko Qatar. Anayejua afisi ni ipi na karani ni nani ni rafiki wa skwodi. Yeye ndiye hupanda gari saa kumi na moja alfajiri na bahasha ya kaki kwapani. KAFOCA, chama cha wandugu wa zamani wa jeshi kilichowakusanya wazee wa KAR na waliowafuata, kilifanya sehemu ya kazi hiyo kwa miaka mingi. Sehemu kubwa zaidi imefanywa bure na watu binafsi kwa sababu tu waliwahi kulala zamu moja.

Mwaka 2022 nchi ilipata sheria ya maveterani wa kijeshi, iliyokusudiwa kulinda maslahi ya waliostaafu na wanaowategemea. Ni hatua njema iliyochelewa. Lakini sheria iliyo Nairobi haimfikii mjane wa Landless mpaka iwe na meza na kiti karibu naye. Thika ina Huduma Centre, Ruiru ina afisi za kaunti ndogo. Wizara ya Ulinzi iweke dawati la maveterani katika kila moja ya sehemu hizo, angalau siku moja kwa wiki, na imwajiri mstaafu mmoja kuliketia. Wanaojua kazi hiyo wapo tayari na wanaifanya kwa nauli yao.

Na msomaji mwenye baba, mama au babu aliyevaa sare, asingoje dawati. Aketi naye wikendi hii, aandike namba ya jeshi, kikosi, mwaka wa kuingia na wa kutoka, na majina matatu ya wenzake pamoja na simu zao. Karatasi hiyo aiweke pamoja na hati ya shamba.